Siku mbili Lisbon: mimi nilifuata pweza, mke wangu alifuata dhahabu ya kwao

#1 Bwana Mwani (mleta uzi)

Salaam wakuu. Kwenye ule uzi wa tiketi za bei poa niliahidi kwamba nikirudi nitaleta mrejesho. Nimerudi. Nina kifundo cha mguu kilichovimba kwa sababu ya mawe ya Lisbon, nina kilo moja ya samaki mkavu kwenye friji, na nina mke ambaye tangu Jumapili anaongea kama mtu aliyeshinda kesi ya shamba.

Kwa wasionijua, mimi ni mtu wa Tanga, makazi Hamburg. Mama watoto ni wa Kilwa Masoko. Mwezi wa kumi na moja huku Ujerumani mnasahau hata jua lilikuwa na rangi gani, na ndoa yetu ilikuwa inatimiza miaka minane, kwa hiyo tukawaacha watoto kwa rafiki na kukata tiketi: kwenda Ijumaa jioni, kurudi Jumapili usiku. Angani ni saa tatu na ushei, na ukishuka Ureno unarudisha saa nyuma kwa saa moja, yaani ndoa inapewa saa moja ya bure.

Makubaliano yalikuwa hivi: Jumamosi yangu, Jumapili yake, na hakuna kuulizana. Yangu mnaijua. Mimi nasafiri kwa tumbo. Yake hakuisema, na mimi kwa ujinga wangu nikadhani ni maduka.

Tulifika hotelini saa nne usiku tukiwa na njaa ya kutetemesha mikono. Badala ya kupanda vichochoroni tutafute wanapokula wenyeji, tukaingia mgahawa wa kwanza tuliouona pale Baixa, mtaa wa bondeni katikati ya mji, wa aina ile yenye picha za chakula nje na kijana mlangoni anayekuita kwa lugha sita. Tumekaa, hatujaagiza, meza imeshajaa: mkate, zeituni, kakipande ka jibini, siagi, na samaki wa kupaka kwenye vikopo. Sasa mimi nimelelewa Tanga. Nikiwekewa kitu mezani kabla sijasema neno, huo ni ukarimu, na ukarimu haukataliwi. Nikala. Nikamsifu na mhudumu. Bili ilipokuja, ukarimu wote ulikuwa umeandikwa mstari kwa mstari, euro kumi na nne na senti zake.

Jina lake couvert. Sheria ya kwao inasema ambacho hukuagiza wala hukugusa hulipi. Unasema tu hapana na wao wanaondoa. Mimi nilikuwa nimeshapangusa hadi mafuta ya zeituni kwa mkate wa mwisho. Mke wangu alinitazama, akafungua pochi yake, akalipa kimya kimya. Kimya hicho mwenye ndoa anakijua.

Jumamosi inakuja, ngoja niweke barafu mguuni.

#2 Kasuku Mweusi

Nimevuta kigoda. Mkuu usitufanye kama yule wa safari ya Istanbul, aliishia kutusimulia foleni ya pasipoti mpaka leo.

#3 Binti Shangani

Kaka hongereni kwa miaka minane, Mungu aongeze. Mie naulizia wifi yangu: alikula nini huko? Nasikia Ureno nguruwe anapenya mpaka kwenye supu ya mboga. Na usafiri wa ndani vipi, teksi zinanyonya?

#4 Bwana Mwani

Dada umesikia sawa. Supu yao maarufu, caldo verde, ni majani mithili ya sukuma wiki yaliyokatwa membamba kama nyuzi, ndani ya uji wa viazi. Unaishangilia, halafu unaona kipande cha soseji ya nguruwe kinaelea. Unaweza kuwaambia wasiweke, ila wifi yako aligoma kabisa, alisema sufuria ni lile lile. Na bifana, ule mkate wa nyama uliojaa kila kona, nao ni nguruwe. Lakini mji wenyewe ni wa samaki. Asiyekula nguruwe hafi njaa pale, anauliza tu kabla hajaketi.

Usafiri: nunueni kadi ya Navegante kwenye mashine za metro. Kadi yenyewe nusu euro, kila mtu na yake, mnajaza hela mnayotaka. Inaingia metro (ambayo inafika hadi uwanja wa ndege), tramu, na hata pantoni ya kuvuka mto. Teksi hatukupanda hata moja.

Basi, Jumamosi.

Asubuhi wenyeji wanasimama kaunta wanakunywa bica, kahawa nzito kwenye kikombe cha kidole. Mtu aliyezoea kahawa ya kijiweni hatashangaa udogo wa kikombe. Atashangaa tu kwamba hakuna kashata. Tulikunywa viwili viwili, tukapanda Alfama.

Alfama ni mtaa wa zamani uliong'ang'ania kilima chini ya ngome ya São Jorge. Vichochoro vinajipinda, nguo zimeanikwa madirishani, bibi amekaa mlangoni anakukagua kuanzia viatu. Jina ni la Kiarabu, maana Waislamu waliutawala mji huo mpaka 1147. Mke wangu alitembea akigusa kuta, akasema huu ni Mji Mkongwe waliousimamisha wima. Tarehe 1 Novemba 1755, watu wakiwa makanisani kwa sikukuu ya Watakatifu Wote, tetemeko lilipiga, bahari ikafuata, moto ukamalizia. Bondeni, pale Baixa, palifutika pakajengwa upya kwa mitaa iliyonyooka kama mistari ya daftari. Alfama sehemu kubwa ilibaki. Ukipita vyote viwili siku moja unaelewa bila kusoma kitabu.

Sasa ushauri wa bure. Njia za miguu za Lisbon zimetandikwa vijiwe vidogo vyeupe vya chokaa vilivyosuguliwa na nyayo za miaka mingi. Mvua ikinyesha vinakuwa kama sabuni. Mke wangu alivaa raba. Mimi nilivaa viatu vya ngozi, kwa ajili ya picha. Karibu na mtaa wa Graça niliteleza nikakaa chini mbele ya kundi la wazee, mmoja akapiga makofi.

Kwa hali hiyo nikaomba tupande tramu ya 28, ile ya manjano ya mbao inayobanana na kuta za nyumba. Ni nzuri kuliko picha zake. Pia imejaa kama daladala ya Mbagala enzi zile, na kwenye kona moja nilihisi mkono mfukoni mwangu ambao haukuwa wangu. Niliupiga kofi ukaondoka. Simu ilisalimika. Wekeni vitu vifuani, au pandeni mapema asubuhi.

Mchana ndipo nilipokwenda kuonana na pweza. Chakula kinaitwa polvo à lagareiro: mguu mzima wa pweza umechemshwa kisha ukaokwa, ukamwagiwa mafuta ya zeituni na vitunguu saumu bila huruma, pembeni viazi vidogo vya kuoka vilivyopasuliwa kwa ngumi. Sitanii, jina la viazi hivyo ni viazi vya ngumi. Mke wangu amekulia kwenye pweza. Kwao bahari ikipwa kina mama wanaingia mwambani na vijiti, wanamtoa, halafu anapigwa juu ya jiwe mpaka akubali. Kwa hiyo nilisubiri hukumu. Akatafuna, akanyamaza, akasema, "Huyu kalainika." Kwa mtu wa Kilwa hiyo ni nyota tano. Kisha akaomba ndimu na pilipili. Ndimu hawana, wana limau. Pilipili ililetwa kwenye chupa ya mafuta, na mhudumu akaitaja: piri-piri. Mke wangu akamsahihisha: pilipili. Mhudumu naye: piri-piri. Waliendelea hivyo mara nne, kila mmoja akidhani anamfundisha mwenzake.

Alasiri tukavuka mto Tagus kwa pantoni hadi Cacilhas. Jamani, Cacilhas ni Kigamboni. Watu na vikapu vyao, baiskeli, mtu amelala mdomo wazi, dakika kumi umefika, unageuka unauona mji wote ng'ambo umejipanga kwenye vilima. Kwa nauli ndogo hiyo ndiyo safari bora ya mji mzima, na hakuna anayekuita kwa lugha sita. Tuliporudi giza lilishaingia na mitaani kuna moshi mweupe kila kona. Nilidhani mahindi ya kuchoma. Kumbe ni castanhas, njugu kubwa zinazoota juu ya miti, zinachomwa na chumvi ya mawe mpaka ganda linakuwa kama limepakwa majivu, unapewa kwenye karatasi. Ladha ni katikati ya kiazi kitamu na fenesi lililochemshwa mbegu zake. Msimu wake ni huu wa Novemba. Mkitaka samaki wao wa sardinha wa kuchoma mje kiangazi, mwezi wa sita kwenye sikukuu ya Mtakatifu Antonio, ndipo moshi unakuwa wa samaki.

Usiku nikaagiza bacalhau à Brás, maana siwezi kufika Ureno nisile bacalhau. Huyu ni samaki ambaye Waingereza wanamwita cod, wa bahari za baridi za kaskazini, hapatikani hata kwenye maji yao. Wamekuwa wakimfuata mbali kwa karne nyingi, na leo wengi wanatoka Norway, na analiwa baada ya kutiwa chumvi na kukaushwa. Kwa kifupi ni ng'onda. Nchi nzima inakula ng'onda kwa fahari. Sahani ikaja. Samaki kachambuliwa nyuzinyuzi, kachanganywa na vitunguu, chipsi nyembamba kama njiti, na mayai ya kuvuruga, juu zeituni nyeusi.

Nikaitazama. Mke wangu akaitazama. Tukasema kwa pamoja: zege.

#5 Kasuku Mweusi

Nimecheka hadi bosi kaja kuuliza. Yaani watu wanapanda ndege kwenda kula chipsi mayai za ng'onda. Wazo la biashara hili, nani yuko Buguruni tufungue?

#6 Mvuvi wa Nyavu

Mkuu hiyo chai. Chipsi mayai haiwezi kuwa chakula cha heshima Ulaya.

#7 Bwana Mwani

@Mvuvi wa Nyavu, siyo chai ndugu yangu. Tofauti ni moja: zege letu yai linaganda linashika chipsi kama simenti, la kwao linaachwa laini, karibu bichi, na kachumbari hakuna. Zege letu linashinda. Ila ng'onda wa kwao katolewa chumvi vizuri, analowekwa siku mbili hivi na maji yanabadilishwa. Hapo wametuzidi.

#8 Mwana wa Kuze

Salamu kutoka Mombasa, ndugu zangu wa Bara. Hao Wareno ni watu wetu wa zamani, kwa ubaya. Walijenga Ngome ya Yesu hapa kuanzia 1593, na Waomani wakawatoa 1698 baada ya kuizingira karibu miaka mitatu. Wakaenda zao, wakatuachia meza, leso, bendera, foronya na mvinyo. Na gereza, ambalo kwao igreja ni kanisa tu! Sijui babu zetu waliona nini ndani ya hilo kanisa mpaka likageuka kuwa gereza.

Na hiyo pilipili ya kuwasha, wao ndio walioileta kutoka Amerika. Kwa hiyo yule mhudumu na shemeji wote walikuwa na haki. Mmoja alileta tunda, mwingine alitoa jina.

#9 Binti Shangani

Kaka fado, ule muziki wa huzuni wa Wareno, hamkwenda? Na Jumapili ya wifi iko wapi, tunangoja.

#10 Bwana Mwani

Fado tulikwenda, Jumamosi hiyo hiyo baada ya zege. Taa zinapunguzwa, wahudumu wanasimama palepale walipo, na ukinong'ona unazomewa. Mimi mtu wa taarabu nimezoea wimbo ukinoga unainuka na noti yako unakwenda kumtunza mwimbaji. Pale nimekaa na noti mkononi sijui niipeleke wapi. Mama aliyeimba alikuwa na sauti ya kukutoa ini. Mke wangu alilala begani kwangu wimbo wa tatu.

Jumapili.

Saa tatu asubuhi ananiamsha, kashavaa. Si nguo ya kutembelea maduka: kajifunga ile leso aliyopewa na bibi yake, juu kavaa koti la baridi. Nikajua leo kuna jambo. Tulipanda tramu ya 15, tukashuka kabla ya kufika mbali, tukakwea ngazi hadi kwenye jumba la manjano juu ya bandari. Makumbusho ya Taifa ya Sanaa za Kale. Wenyeji wanaliita Janelas Verdes, madirisha ya kijani, kwa jina la mtaa wake.

Mimi na makumbusho tunaheshimiana kwa mbali. Nikajiandaa kutazama watakatifu. Lakini hakusimama kwenye mchoro wowote. Alikuwa na ramani kwenye simu, anatembea kama anayekwenda kaunta ya benki, mpaka kwenye kabati la kioo, akasimama.

Ndani kuna monstransi, kile chombo ambacho Wakatoliki wanaonyeshea Ekaristi. Hii ni ya dhahabu, imesimama kama mnara wa kanisa dogo, na rangi za kioo za kijani, bluu na nyekundu. Katikati wamepiga magoti mitume kumi na wawili, kila mmoja na uso wake, kila mmoja na nywele zake, kuzunguka mahali pa hostia, ule mkate wa Ekaristi. Mtu aliifanyia kazi hii kwa miwani na subira, hilo nakiri. Wanamtaja Gil Vicente, sonara wa malkia Leonor, dada yake mfalme Manuel wa Kwanza.

"Soma pale chini," mke wangu akasema.

Kwenye kitako kuna maandishi yamezunguka. Nikainama, nikasoma kwa taabu, herufi za kizamani, V zimekaa mahali pa U. Nikafika kwenye neno QVILVA. Nikafikiri ni Kilatini.

"Ni kwetu," akasema.

Wakuu, nilisoma historia hadi kidato cha nne na sikuwahi kusikia hili. Maandishi yanasema waziwazi: mfalme Manuel aliagiza chombo kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa, kikakamilika 1506. Vasco da Gama, safari yake ya pili, alifika Kilwa 1502 na merikebu zenye mizinga, akamlazimisha Amiri Ibrahim akubali kuwa chini ya mfalme wa Ureno na kulipa dhahabu. Akarudi nayo Lisbon 1503. Mfalme akaifanya hii. Na wakati sonara bado anagonga, mwaka 1505, Francisco de Almeida alikwenda Kilwa na kundi kubwa la merikebu, akauteka mji na kuupora, kisha akaelekea Mombasa kufanya vilevile.

Mke wangu aliijua tangu kidato cha pili. Walipelekwa ziara ya shule, wakavuka na mashua hadi Kilwa Kisiwani penye magofu ya mji wa kale, wakaonyeshwa Msikiti Mkuu, Husuni Kubwa na lile Gereza la ufukweni, na mzee aliyewatembeza akawaambia: dhahabu yetu iko Ureno, wameifanya chombo cha kanisa. Watoto wakacheka, walidhani mzee anatia chumvi. Naye alicheka. Alikaa na kicheko hicho miaka ishirini na kitu bila kuniambia.

Mlinzi wa chumba, mama mtu mzima, aliona tumekaa sana akasogea. Mke wangu akamwonyesha lile neno, halafu akafungua ramani kwenye simu, akaivuta kutoka Lisbon, ikashuka Afrika nzima ikazunguka chini ikapanda, mpaka Kilwa. Akaweka kidole pale, kisha akakiweka kifuani kwake. Yule mama aliitazama simu kwa muda. "Longe," akasema. Mbali. Akaturuhusu tukae tutakavyo.

#11 Mvuvi wa Nyavu

Sasa hii nimeisoma mara mbili. Naondoa neno langu la chai. Kwa hiyo serikali yetu inangoja nini kuidai?

#12 Mpembuzi

Tuende taratibu wakuu. Kwanza, dhahabu haichimbwi Kilwa. Ilitoka bara, nyanda za juu za Zimbabwe, ikashuka hadi bandari ya Sofala, Msumbiji ya leo, na Kilwa ilitajirika kwa kuishika biashara hiyo na kutoza ushuru. Kwa hiyo ukidai, Mzimbabwe na Mmsumbiji nao watanyoosha mkono. Pili, hicho ni chombo cha ibada kilichotengenezwa na Mreno. Unadai dhahabu au unadai kazi ya sonara? Ukidai dhahabu, wakiiyeyusha utafurahi?

#13 Mwana wa Kuze

Mpembuzi, kwa hesabu yako mwizi akishona kanzu kwa kitambaa changu basi nimdai uzi tu?

#14 Mpembuzi

Sijasema hivyo. Nasema kesi ni ngumu kuliko hasira.

#15 Mzee wa Nachingwea

Vijana, nimewasoma. Wewe mleta uzi umevuka mto kwa pantoni, lile daraja jekundu la kuning'inia ulikuwa nalo kulia kwako, na umetuandikia habari za njugu. Daraja lile lilifunguliwa 1966 likiitwa Salazar. Leo linaitwa 25 Aprili, kwa siku ile ya 1974 ambapo wanajeshi wao wenyewe walichoka na vita vya Afrika wakaipindua serikali. Waliowachosha ni akina nani? Mimi nilikuwa mtoto Nachingwea, kambi ya FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, ikiwa kwetu. Tulikuwa tunawaona wapiganaji, tunasikia nyimbo zao alfajiri. Mwaka mmoja baada ya mapinduzi yale, tarehe 25 Juni 1975, Msumbiji ikawa huru. Kwa hiyo mkoa wa Lindi una mambo mawili kule Lisbon, siyo moja. Mwambie binti yetu wa Kilwa.

#16 Bwana Mwani

Shikamoo mzee. Nimemsomea ujumbe wako, anakuamkia, na anasema daraja aliliona, mimi ndiye sikuliona kwa sababu nilikuwa natafuta chombo cha kuweka mguu. Jumapili tulipita chini yake kwa tramu. Magari yakipita juu, barabara yake ya vyuma inavuma kama mzinga wa nyuki, unausikia mvumo mji mzima wa chini.

@Mpembuzi, kuhusu Zimbabwe ananiambia niandike hivi: "Mreno akishairudisha Kilwa, Kilwa na Sofala wataongea wenyewe, hayo ni ya majirani." Mimi simo.

Nimalizie Belém, mtaa wa Lisbon ulio kando ya mto.

Kule kwenye makumbusho kuna bustani nyuma yenye mgahawa, unakunywa chai unaangalia bandari. Alikunywa kikombe kimoja, hakusema kitu, mimi kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa sikuwa na njaa. Kisha akainuka: "Haya, twende kwenye vimaandazi vyako."

Tramu ileile ya 15 inakufikisha. Tulianza na kanisa la monasteri ya Jerónimos. Asubuhi ya Jumapili kuna misa, watalii wanaingia baadaye, nasi tulifika misa imeisha. Ujenzi ulianza mwanzoni mwa karne ya 16, na mfalme yuleyule Manuel aliugharamia kwa ushuru wa kama asilimia 5 wa biashara ya Afrika na Mashariki, viungo na dhahabu. Nguzo zake ni jiwe lililochongwa mpaka linaonekana kama kamba za meli na matumbawe. Lazima niseme ukweli, ni pazuri mno. Nilikuwa nataka pawe pabaya kwa ajili ya mke wangu, haikuwezekana.

Ukiingia tu, kaburi la Vasco da Gama liko hapo, kalala juu yake mtu wa jiwe, mikono kifuani. Alifia Cochin, India, 1524, mifupa ikaletwa hapo karne ya 19. Watu wanapiga picha. Mke wangu alisogea hadi miguuni, akarekebisha leso yake, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, ya jikoni: "Wewe shikamoo hupati." Tukatoka.

Hatua chache kutoka hapo ni duka la Pastéis de Belém, linaoka tangu 1837. Watawa wa Jerónimos ndio waliokuwa na kanuni ya mapishi. Nyumba za watawa zilipofungwa 1834, kanuni ikauzwa nje, na mpaka leo ni siri ya wachache. Wenyewe wanasimulia kwamba ute wa mayai ulikuwa unanyooshea mavazi ya watawa, viini vikabaki vingi, ikabidi viwe vitamu. Foleni ya nje ni ya wanaobeba. Ingieni ndani, kuna vyumba na vyumba vyenye vigae vya bluu na nyeupe, tulipata kiti baada ya dakika kumi. Kinakuja cha moto, ganda linavunjika kama jani kavu, ndani krimu ya mayai imeungua juu madoadoa meusi, unanyunyizia mdalasini mwenyewe. Hapo ndipo mke wangu alipolainika. Alikula tatu. Akasema mdalasini ni mchache, ila dogo anajua kuoka. Mimi nilikula sita. Yeye anasema saba.

Mnara wa Belém tuliuona kwa nje tu. Mtafuteni kifaru kwenye kuta zake, kachongwa kwa kumbukumbu ya kifaru aliyeletwa kutoka India 1515 mji mzima ukatoka kumtazama.

#17 Msafiri wa Mouraria

Nimechelewa, nami naishi Lisbon. Binti Shangani, kwa anayetaka halali bila maswali, nendeni Martim Moniz, mtaa wa Benformoso, Wabangladeshi wana migahawa mfululizo. Msikiti Mkuu uko karibu na Praça de Espanha, ulifunguliwa 1985, na Waislamu wengi wa zamani wa hapa ni familia zenye asili ya India zilizotoka Msumbiji. Ukizungumza nao hutakosa mwenye shangazi Dar au Mombasa. Waismailia nao makao ya Imamu wao yako hapa hapa, na Aga Khan wa Nne alifariki Lisbon mwezi wa pili 2025.

Na mleta uzi umepitwa na kitu: kwenye vioo vya mikahawa mingi, kando ya keki, kuna chamuça. Ni sambusa. Imepita Goa na Msumbiji ikafika hapa. Ulizeni kwanza nyama ya ndani.

#18 Bwana Mwani

Niliziona! Nilidhani ni keki ya pembe tatu. Basi tutarudi.

#19 Kasuku Mweusi

Mkuu ile kilo ya samaki kwenye friji imeishia wapi? Tunataka picha ya zege.

#20 Bwana Mwani

Nimeloweka tangu jana. Nimebadilisha maji mara tatu, nimeonja kipande sasa hivi, bado ni chumvi ya Uvinza. Mke wangu amepita jikoni, amechungulia bakuli, amesema kwao ng'onda haulowekwi hivyo, na ameyamwaga maji yangu.